Nani Aliita

Daftari lenyewe halikuwa na thamani. Jalada jeusi, kurasa za mistari, la dukani kwa dola moja na kitu. Mkuu wetu wa shule alilitoa kwenye droo, akalisukuma mezani hadi likanigusa mkono, akaniambia nigawe kila ukurasa safu nne: tarehe na saa, dakika ngapi, jambo gani, nani aliita.

"Kila wakikuita kutafsiri, andika," akasema. "Usilalamike kwa mtu. Andika."

Nilikuwa na mwaka wa pili katika shule ile ya msingi, kusini-magharibi mwa Houston, na nilidhani ananipa adhabu.

Mimi ni mtu wa Tanga, Mdigo wa Mkinga. Nilisomea ualimu Dar es Salaam, nikashika chaki miaka saba, kisha bahati nasibu ya viza ikatuangukia mimi na mume wangu. Texas ilizipokea karatasi zangu kama mtu anavyopokea kadi ya harusi iliyokwisha pita. Vyeti vilitakiwa kwanza viende kwa wapimaji wa vyeti vya nje, halafu mafunzo, halafu mitihani. Kazi iliyopatikana ilikuwa ya msaidizi wa darasa: unafungua pakiti za maziwa kantini, unafunga kamba za viatu, unapanga watoto mstari kwenda msalani. Korogwe niliwahi kufundisha darasa la watoto 90 peke yangu. Hapa nilikuwa nalinda mlango wa choo.

Siku ya tatu ofisi ikagundua kwamba najua Kiswahili.

Mtaa ule una majengo ya kupanga ya ghorofa mbili mbili, yamejaa watu wa Honduras, El Salvador na Guatemala, na katikati yao Wakongo waliokuja kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Watoto wao, waliozaliwa kambini, wanaongea Kiswahili ninachokijua. Mama zao wanaongea cha Uvira na Fizi. Mama wa kwanza niliyeitiwa alisema, "Mutoto anakataa kuenda ku masomo," na karani akanitazama kama aliyebonyeza swichi akangoja taa iwake. Nikawaka. Tangu siku ile naitwa uandikishaji, naitwa kwa nesi, naitwa kwa sababu basi limemshusha mtoto kituo kisicho chake na baba yake amesimama mapokezi anatetemeka. Na kila nikirudi darasani, kile kikundi changu cha watoto watano wa kusoma kimeshatawanyika.

Mkuu alikuwa ameyapitia yote hayo kwa Kihispania, miaka 20 kabla yangu. Ni Mtejana, ndivyo wanavyojiita watu wa asili ya Meksiko walio wenyeji wa Texas, kwao Bonde la Rio Grande, mpakani na Meksiko. Watu wakimwuliza familia yake ilihamia Marekani lini, hujibu kwamba haikuhama; mpaka ndio uliohama, mwaka 1848, ukawapita babu zake wakiwa wamekaa barazani. Nilipomwambia kwamba Wadigo tuna jambo lilo hilo, kwamba shangazi yangu yuko Lunga Lunga upande wa Kenya nasi tuko upande wa Horohoro, na hakuna kati yetu aliyesogeza hata mguu, alicheka mpaka akavua miwani. Kabla ya hapo alikuwa akiniita Miss, kama watoto wanavyotuita sote. Baada ya hapo nikawa "mija", binti yangu.

Mama yake alichapwa shuleni kwa kusema Kihispania uwanjani. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilimfanya mwalimu wa shule ya umma anayefundisha kwa lugha nyingine kuwa mkosaji wa jinai, na viboko vya lugha vilidumu miaka mingi. Sisi tuliosoma Afrika Mashariki hatuhitaji maelezo marefu; kuna shule ambako mtoto alivishwa kibao shingoni kwa kuteleza akasema lugha ya nyumbani. Kisha mwaka 1973 Texas ikageuka. Wilaya ya elimu yenye watoto 20 wa darasa moja wasiomudu Kiingereza ikalazimika kuwa na masomo ya lugha mbili. Ghafla walimu wa Kihispania wakawa wanatafutwa kwa tochi. Mabinti wa wale waliochapwa ndio walioingia kwa mlango huo, wakiwa na kitu kile kile kilichofanya mama zao wachapwe.

"Lugha ndiyo iliyonipa kazi," mkuu aliniambia. "Na lugha hiyo hiyo ikataka kunizika humo humo."

Alifundisha darasa la lugha mbili miaka 11. Akafanywa mratibu wa lugha mbili. Akaomba umakamu wa mkuu, hakupata. Akaomba tena. Katika usaili wa tatu, kwenye wilaya ambayo hakunitajia na mimi sitabahatisha, mmoja wa wanajopo alimwuliza kama angeweza kuongoza shule ambayo wazazi wengi si Walatino, yaani watu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Alijibu kwa adabu, anasema, akatabasamu, akawapa mikono wote. Alipokaa kwenye gari ndipo lilipomjia: je, kuna mzungu aliyewahi kuulizwa swali hilo kinyume chake? Maana katika shule za umma za Texas, zaidi ya nusu ya watoto ni Walatino.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa darasa la usiku la uzamili, mwalimu wetu alitundika ukutani hesabu za utafiti wa serikali kuu za mwaka wa masomo 2020–21. Katika kila wakuu 100 wa shule za umma nchini, wazungu 77, Walatino 9. Hao tisa ni wanaume na wanawake pamoja. Wanafunzi Walatino ni kama 28 katika kila 100. Jirani yangu, mwanamke wa El Salvador aliyeanza kazi ya shule kwa kugawa chakula kantini, alitazama ukuta kwa muda, akainama akaniambia, "Hao tisa wote nadhani wako Texas kusini, maana hapa siwaoni."

Kuna jambo ambalo hesabu zile hazikulisema na kila mtu kazini analijua. Wanawake wakuu wa shule ni wengi, lakini wengi wao wako shule za msingi. Ukipanda sekondari unakuta wanaume, na Texas hii, ambako mpira wao wa Kimarekani ni kama dini ya Ijumaa usiku, si ajabu ukikuta mkuu wa sekondari ambaye alianza kwa kupuliza filimbi uwanjani. Mwalimu wa mpira anajulikana na wazazi, anajulikana na bodi, ameonekana akiamuru. Mwalimu wa lugha mbili ameonekana akinong'ona kando ya mtu mwingine anayeamuru. Wapo waliovuka: mwaka 2022 Stephanie Elizalde, mtu wa Laredo, alikabidhiwa shule za jiji la Dallas baada ya kuongoza za Austin. Picha yake ilizunguka kwenye simu za wenzangu siku ile kama picha ya bibi harusi wa ukoo.

Nirudi kwenye daftari. Kabla ya likizo ya Desemba nilijumlisha dakika, nikapata saa 61. Ni karibu siku nane za kazi. Nilimpelekea mkuu nikitarajia anipe pole. Badala yake alichukua penseli, akaanza kupitia safu ya tatu, ile ya jambo, akiandika neno moja pembeni ya kila mstari. Mama anasema mwanawe anapigwa kwenye basi: nidhamu. Kikao cha mtoto asiyesikia vizuri, kutafuta afundishwe vipi: elimu maalumu. Baba hana barua ya kuthibitisha anapoishi: uandikishaji. Mtoto haji Jumatatu kwa sababu ndiyo siku ya miadi ya kliniki ya mama yake na yeye ndiye mkalimani wa mama: mahudhurio. Alifika ukurasa wa mwisho akaweka penseli chini.

"Unajua hii ni nini?"

Nikasema ni orodha ya kutafsiri.

"Hii ni kazi yangu. Umekuwa ukiifanya tangu Agosti kwa mshahara wa kufungua maziwa."

Halafu akaigusa safu ya nne. Waliokuwa wameniita ni watu 14. Akauliza: kati ya hao, ni nani aliyekuuliza, baada ya mzazi kuondoka, wewe unaonaje? Nilifikiri. Waliniuliza mama amesema nini. Hakuna aliyeuliza naonaje, na mimi nilikuwa nimekaa katika kila moja ya mazungumzo yale, nikimsikiliza mama kwa masikio mawili na shule kwa mengine mawili. Alilipeleka daftari lile wilayani, na matokeo yake yalikuwa madogo: posho ya lugha isiyotosha hata kujaza tangi la gari kwa mwezi, na amri kwamba nisitolewe darasani saa ya kusoma. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona maneno yale ya penseli.

Kuna asubuhi moja ambayo kila nikiulizwa kwa nini nimetaka uongozi ndiyo inayonijia. Karani mgeni alimwambia mama wa Kihonduras kwamba lazima alete namba ya hifadhi ya jamii ya mtoto, namba ambayo mhamiaji asiye na karatasi hana, ndipo aandikishwe. Yule mama alianza kukusanya karatasi zake. Mkuu alitoka ofisini kwake, sauti ya chini kabisa, akamwambia karani kwamba mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Tyler, hapa hapa Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa mtoto asiye na karatasi ana haki ya dawati kama mwingine yeyote, na kwamba katika shule hii namba hiyo si sharti. Kisha akageuka akamwomba mama radhi kwa Kihispania. Mimi nilikuwa pale na foleni yangu ya watoto wa msalani.

Jioni, mabasi yakiwa yameondoka, alinieleza kwa nini mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Alipokuwa kijana, msaidizi kama mimi, mkuu wake wa wakati huo alimtuma atafsiri sharti lile lile. Alijua si haki, au alihisi, lakini yeye alikuwa mdomo tu. Akalisema kwa Kihispania kizuri, kwa upole, na "señora" juu yake. Yule mama alishukuru akaondoka na mtoto, hakurudi tena. "Ukiwa mkalimani," aliniambia, "ubaya wa mtu mwingine unapita kinywani mwako, na anayesikia anausikia kwa sauti yako." Alisema siku hiyo ndiyo aliyoanza kukitaka kiti, na kwamba hakukitaka kwa sababu ya cheo. Alitaka awe anasema maneno yake.

Mimi sikukitaka. Niseme kweli, nilikataa mara mbili. Nilikuwa nimeshapata leseni ya ualimu, nina darasa langu, watoto wanasoma, posho inaingia. Nilipotakiwa kuomba nafasi ya kuwaongoza walimu wa ngazi ya darasa la tatu, nilingoja niambiwe rasmi. Kwetu mtoto wa kike aliyelelewa hajipeleki mbele, anaitwa. Nilidhani hiyo ni yetu watu wa pwani, kumbe wenzangu wanayo, tena kwa mashairi: "Calladita te ves más bonita," ukinyamaza kimya unapendeza zaidi, waliambiwa na bibi zao. Na neno lao "educación" si elimu ya darasani peke yake, ni malezi, ni adabu. Mtu mwenye shahada tatu asiyeamkia anaitwa hana educación. Hapo tulielewana mara moja. Nilimweleza mkuu kwamba kwetu msichana ana somo wake, mwanamke mzima asiye mama yake, anayemfunda mambo ambayo mama ataona haya kuyasema. Akasema wao wana madrina, mama wa ubatizo, na kazi ni ile ile. Basi akanifunda.

Mafundo yenyewe hayakuwa matamu. Alinikataza kuanza sentensi kikaoni kwa "samahani". Alinikataza kupeleka sambusa kwenye kila mkutano, maana wataikumbuka sambusa. Alinikalisha upande wa pili wa meza yake akanifanyia usaili wa uongo, na nikimaliza jibu alikaa kimya kwa makusudi aone kama nitaanza kulipunguza mwenyewe. Nilikuwa nalipunguza kila mara. Lafudhi yangu hakuigusa. Alisema yake aliwahi kulipia masomo aitoe, na pesa zile anazililia mpaka leo.

Siku ya mwisho ya kuomba uzamili wa uongozi alinitumia fomu kwenye simu saa mbili usiku na maneno matatu tu: jaza kabla hujalala. Texas inadai uwe umefundisha miaka miwili, uwe na shahada ya uzamili, upite mafunzo na mitihani, na katika mitihani kuna kazi za kuandika na kujirekodi video ukiongoza wenzako. Ile miaka siielezi sana kwa sababu siikumbuki; nakumbuka nilikuwa nasinzia. Mume wangu anaendesha malori ya masafa, wiki mbili barabarani. Mama yangu alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Huo ukuu wa shule ni wa nini, mwanangu, na hao watoto nani anawatazama?" Yule mwenzangu wa El Salvador alikuwa anaambiwa hayo hayo na mama mkwe, wakiwa nyumba moja, jambo ambalo nakiri ni gumu kuliko ujumbe wa sauti. Desemba tuliuza pamoja: yeye tamale, mimi kashata. Ndiyo ada ya muhula mmoja ilivyomalizika.

Si wote waliotaka kwenda. Mwalimu bora kuliko wote niliopata kuwaona akifanya kazi ni Mpuerto Riko wa darasa la pili, mtu ambaye kwao ni raia wa Marekani kwa sheria tangu 1917 na bado kuna mzazi aliyemwambia arudi nchini kwake. Mkuu alimshawishi miaka mitatu agombee umakamu. Alimwonyesha hata ile sarafu. Mkuu alikuwa amebandika pembeni ya kompyuta robo dola ya mwaka 2023 yenye uso wa Jovita Idár, binti wa Laredo aliyezaliwa 1885, ambaye alianza kwa ualimu, akakuta watoto hawana vitabu wala madawati, akaona kuwa mwalimu peke yake hawezi kuyarekebisha hayo, akaacha darasa akaingia gazeti la baba yake na mwaka 1911 akaongoza chama cha wanawake kilichoanza kwa kusomesha watoto maskini. "Naye aliacha darasa," mkuu akasema. Yule mwalimu akaigeuza sarafu mkononi, akairudisha. "Basi lile darasa lake lilibaki na nani?"

Mkuu hakumjibu, na mimi mpaka leo sina jibu. Kila mwalimu wa lugha mbili anayepanda, kuna watoto 22 wanaoamka na mwalimu wa muda. Naona wanaoandika kuhusu njia za wanawake Walatino kuelekea uongozi wa shule wanahesabu wanaozuiwa, na ni haki wahesabiwe. Ila huyu hakuzuiwa na mtu. Bado yuko darasa la pili.

Nimekuwa makamu katika shule nyingine, karibu na ile. Usaili wenyewe ulikuwa wa dakika 40. Waliniuliza nina uzoefu gani wa uongozi nje ya darasa, na nikafungua mkoba nikatoa daftari jeusi. Wakati huo yalikuwa manne. Sikusema samahani.

Shuleni kwetu sasa kuna familia za Totonicapán, Guatemala, ambazo ofisi ilikuwa ikiwasemesha Kihispania na kushangaa mama haitikii. Mama hasemi Kihispania, anasema Kik'iche'. Bahati tunaye msaidizi wa darasa, binti wa miaka 24, anayeijua lugha hiyo na Kihispania na Kiingereza. Anafungua maziwa.

Jumanne ya wiki iliyopita kulikuwa na mtoto aliyepotea kituo cha basi, kisha kikao cha elimu maalumu, kisha bibi aliyekuja kuchukua mjukuu bila kitambulisho. Kila mara nilishika redio ya mkononi nikamwita yule binti, na kila mara alifika upesi, akiwa bado na alama ya rangi za watoto mikononi. Mara ya tatu tulipomaliza na yule bibi akaondoka, nilikuwa nimeshageukia simu iliyokuwa ikiita. Nilimwona kwa pembe ya jicho akitoa kitu mfukoni mwa aproni. Kidaftari kidogo cha kijani. Aliangalia saa ya ukutani, akaandika.

Sikumpa mimi. Nilisogea kama ninayetafuta kalamu. Safu zake ni tano, ameongeza moja ambayo sikuwahi kuwa nayo: kilichokuwa kikiendelea darasani alipotolewa. Mstari wa juu ulisema kusoma. Wa pili kusoma. Na katika safu ya mwisho, mara tatu kwa siku moja, kwa mwandiko safi wa mtu aliyefundwa, lilikuwepo jina langu.